DAKTARI ALIYEWEKA CHOO KWENYE MIZANI

Samahani msomaji wangu. Kama hivi sasa umeshika gazeti mkono mmoja na mkono wa pili una sahani ya chipsi, maliza kwanza kula halafu urudi hapa, maana leo tunazungumzia choo. Ndiyo, choo, tena kile kikubwa. Usicheke wala usikimbilie ukurasa wa michezo, kwa sababu kuna daktari mmoja bingwa wa upasuaji, jina lake kubwa duniani kote, aliyezunguka nchi na nchi akiwaonyesha maprofesa wenzake picha za choo. Maprofesa wale, na suti zao na tai zao, walikaa kimya wakamsikiliza.

Daktari huyo anaitwa Denis Burkitt. Alifariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Ni Mzungu, tena wa mbali huko Ireland, lakini habari zake zinatuhusu sisi wa Mbagala, Tandika, Manzese na Mwananyamala pengine kuliko zinavyowahusu Wazungu wenzake. Maana yale aliyoyagundua kuhusu tumbo aliyaona kwanza kwa watu wa hapa hapa Afrika Mashariki, watu waliokula kama walivyokula bibi zetu. Na chakula hicho ndicho sisi watu wa mjini tunakikimbia kama deni la dukani.

JICHO MOJA, RAMANI NYINGI

Burkitt alizaliwa Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali, lakini akitoka kazini alikuwa na mchezo wake: anakamata ndege wadogo, anawavisha pete miguuni, halafu anachora ramani kuonyesha kila ndege makazi yake yako wapi. Majirani bila shaka walimshangaa mzee yule. Kumbe kijana wake naye alikuwa anatazama na kujifunza.

Akiwa na miaka 11, Denis alipigwa jiwe la uso katika ugomvi wa watoto na jicho lake la kulia likaharibika moja kwa moja. Alikua na jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi kama baba yake, akauacha, akachukua udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza walimkataa. Sababu? Jicho moja. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango, kwani jeshi lilimchukua na likamleta Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha akakubaliwa Uganda. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, kaskazini mwa nchi hiyo, na mwaka 1948 akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Lira kulikuwa na ugonjwa ambao sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa: mabusha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akasubiri mgonjwa anayefuata. Burkitt alipasua na kushona, lakini aliuliza swali la ziada. Kwa nini wagonjwa wanatoka zaidi mashariki mwa wilaya, na wa magharibi ni wachache? Akachora ramani, na ramani ikamwelekeza kwenye minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Hapo ndipo unapomjua mtu. Daktari wa kawaida anamuuliza mgonjwa, "Unaumwa nini?" Huyu alimuuliza pia, "Unatoka wapi?" Baadaye akaongeza swali la tatu, "Unakula nini?" Na hilo la tatu ndilo lililomfikisha chooni.

UVIMBE WA TAYA NA MAILI ELFU KUMI

Kabla ya choo, jina lake lilipanda kwa jambo jingine. Mwaka 1957 pale Mulago aliitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, akamtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, kushoto na kulia, juu na chini. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine ana uvimbe ule ule. Burkitt akaanza kufukua mafaili ya hospitali na kutuma picha kwa madaktari wa sehemu mbalimbali za Afrika. Mwaka 1958 akatoa maandishi yake ya kwanza juu ya saratani hiyo ya watoto, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Lakini barua hazikumtosha. Mwaka 1961, wakati Tanganyika inajiandaa kupokea uhuru wake, alinunua gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250, akapakia na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashika barabara. Walitoka Kampala, wakapita Kenya na Tanganyika, wakashuka hadi Afrika Kusini, wakarudi. Wiki kama 10, maili kama 10,000, na wewe unaijua barabara ya vumbi ya miaka ile. Kila walipokuta hospitali walisimama, wakatoa picha, wakauliza: mmewahi kuona mtoto wa namna hii?

Mwaka ule ule alitoa mhadhara London. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye mwaka 1964 pamoja na wenzake waligundua ndani ya uvimbe ule kirusi kilichokuja kuwa cha kwanza kujulikana kwamba kinahusika na saratani ya binadamu. Kwa mtu mwingine hapo kazi imekwisha, unakaa unapokea medali. Burkitt alikuwa bado hajafika kwenye jambo lililomsumbua hadi kufa.

MAGONJWA AMBAYO HAKUYAONA

Mwaka 1966 alirudi Uingereza baada ya miaka 20 ya Uganda. Mwaka uliofuata akakutanishwa na daktari mstaafu wa jeshi la majini, Peter Cleave. Mzee huyu alikuwa na hoja moja aliyoirudia kama kasuku: magonjwa mengi ya Wazungu yanatokana na sukari nyeupe na unga mweupe. Wengi walimwona kama mzee aliyechoka. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu maneno yale yalimkumbusha kitu.

Alikumbuka wodi za Mulago. Miaka yote ile amepasua maelfu ya matumbo, lakini kuna magonjwa ambayo Uingereza yalijaza wodi na Uganda hakuyaona ila kwa nadra. Kidole tumbo. Mawe kwenye kifuko cha nyongo. Vijifuko vinavyotokeza kwenye ukuta wa utumbo mpana, ambavyo wazee wengi wa Ulaya wanavyo. Bawasiri. Na kubwa kuliko yote, saratani ya utumbo mpana. Watu ni wale wale, wana damu ile ile na matumbo yale yale. Tofauti iko wapi?

Kwa kuwa yeye ni mtu wa ramani, akaanza tena barua. Kila mwezi alituma maswali kwa hospitali za misheni zipatazo 150, nyingi za Afrika na nyingine za Asia: mwezi huu mmepasua kidole tumbo wangapi? Saratani ya utumbo mmeona wangapi? Majibu yakarudi, akayaweka kwenye ramani, na picha ikawa ile ile. Pale watu wanapokula nafaka isiyokobolewa, maharage, viazi na majani, magonjwa hayo ni machache. Pale unga mweupe na sukari vilipoingia, magonjwa nayo yakafuata nyuma.

Sasa kabla hujacheka tena, sikiliza kazi ilivyofanyika. Watu walimezeshwa vipunje vidogo vya plastiki ambavyo havisagiki tumboni. Kisha choo chao chote kikakusanywa kwenye mifuko, kikapimwa uzito, kikapigwa picha ya eksirei ili vipunje vihesabiwe. Kwa njia hiyo unajua chakula kimechukua saa ngapi toka kinywani mpaka chooni.

Matokeo yalitoka mwaka 1972 katika jarida la kitabibu la The Lancet, Burkitt akishirikiana na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza. Wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilisafiri kwa saa kama 36. Mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao walitoa gramu kama 104 tu, na chakula chao kilikaa ndani saa kama 83. Fanya hesabu mwenyewe. Mwanakijiji siku moja na nusu, baharia siku tatu na nusu. Yaani mtu amekula Jumatatu mchana, anakuja kuaga chakula kile Ijumaa alfajiri!

Burkitt akawa anawaambia Wazungu wenzake, kwa maneno yake ya utani, kwamba nchi ambayo watu wake wanapata choo kidogo lazima ijenge hospitali kubwa. Walicheka, lakini ujumbe uliingia.

PUMBA INAFANYA NINI TUMBONI

Mimi si daktari, biolojia yangu iliishia kidato cha nne, lakini jambo hili mtu yeyote analielewa. Katika chakula cha mimea kuna sehemu ambayo tumbo haliwezi kuisaga: maganda ya nafaka, ngozi ya maharage, mishipa ya mchicha na matembele. Hizo ndizo nyuzinyuzi. Zamani wataalamu waliziona kama takataka tu. Zinaingia, zinatoka, hazina faida.

Kumbe zinafanya kazi mbili. Kwanza zinavuta maji, choo kinakuwa laini na kingi, kinapita bila mtu kukunja uso wala kushika ukuta. Ukijikamua kila siku, mishipa ya damu kule nyuma inavimba, na huko Burkitt ndiko alikoiona bawasiri inatokea. Pili, zikifika kwenye utumbo mpana zinakuta vijidudu vyetu, mabilioni kwa mabilioni, vinavyoishi mle kwa faida yetu. Vijidudu hivyo vinakula nyuzinyuzi na kutengeneza aina ya asidi inayolisha ukuta wa utumbo na kuutuliza. Ukivinyima chakula vinapungua, na ukuta nao unakosa posho yake.

Kwa hiyo unapokula pumba hauli peke yako. Una wapangaji tumboni, nao wanataka kula.

MASHINE YA KUKOBOA

Sasa twende mtaani kwetu. Nenda mashine yoyote ya unga, Mbagala au Tandale, simama pembeni uangalie. Mama anashusha debe la mahindi. Kijana wa mashine anauliza, "Shikamoo mama. Tukoboe au tusage hivi hivi?" Mama anajibu, "Marahaba mwanangu. Koboa, nina wageni." Basi mahindi yanakobolewa, ganda linatoka, kiini kinatoka, unabaki ule mweupe unaong'aa kama shati la bwana harusi. Hiyo ndiyo sembe. Zile pumba zinaingia kwenye gunia jingine na zinauzwa kwa wafugaji.

Ukitazama vizuri, kuku wa Temeke anakula lishe bora kuliko mwenye kuku.

Na ukimwekea mgeni ugali wa dona atakutazama kama umemtukana. Dona tumeipa jina baya. Eti ni chakula cha shule ya bweni, cha jela, cha mtu aliyefulia. Kijana akipata ajira ya kwanza mjini, kitu cha kwanza anachokiacha ni dona na cha pili ni maharage. Anahamia chipsi mayai, soseji, mkate mweupe na soda baridi. Mchana chipsi, usiku chipsi, na mchumba naye anatolewa aende kula chipsi. Mboga za majani anaziona kwenye sahani ya mama ntilie, tena kijiko kimoja pembeni, kama pambo.

Halafu wiki ya pili utamkuta stendi anamsikiliza muuza dawa mwenye kipaza sauti: "Choo kigumu! Tumbo kujaa gesi! Bawasiri sugu!" Ananunua chupa, anakunywa, anaharisha siku mbili, anasema amesafisha tumbo. Siku ya tatu anarudi kwenye chipsi zake. Fedha imekwenda na tatizo liko pale pale.

JE, BURKITT ALIPATIA YOTE?

Hapana, na ni vizuri tuseme kweli. Wenzake walimbana kwa maswali magumu. Walisema: Waafrika wa miaka ile wengi hawakuishi hadi uzee, na saratani ya utumbo ni ugonjwa unaopenda wazee, sasa ungeionaje? Tena walioishi mbali hawakufika hospitali, kwa hiyo kutowaona wodini si ushahidi kwamba hawakuumwa. Hoja nzito hizo. Juu ya vile vijifuko vya utumbo na hata bawasiri, wataalamu wanabishana hadi leo.

Mwaka 2000 mambo yakazidi kuwa magumu. Utafiti wa Marekani uliwapa watu waliowahi kutolewa vinyama kwenye utumbo chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, ukawafuata kwa miaka minne. Vinyama vilirudi sawasawa na kwa wale wasiobadili chakula. Wapinzani wa Burkitt wakasema, si tuliwaambia?

Lakini mwaka 2003 ukatoka utafiti mwingine uliofuatilia watu zaidi ya laki tano katika nchi 10 za Ulaya. Huo ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi wanapata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha chini kuliko wanaokula kidogo. Na mwaka 2019 wataalamu wa New Zealand waliofanya kazi hiyo kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani walikusanya tafiti 185 na majaribio 58, wakakuta kwamba walaji wa nyuzinyuzi nyingi hawafi mapema kama wengine, yaani vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 15 hadi 30. Kiasi walichokitaja ni gramu 25 hadi 29 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa peke yake kinakupa zaidi ya gramu 10. Haya, chipsi mayai inakupa ngapi?

WANAUME 77 WA KILIMANJARO

Kama unadhani haya ni ya Wazungu, basi pokea ya nyumbani. Mwaka 2025 lilitoka jaribio lililofanyika Kilimanjaro, likiongozwa na mtafiti wa Kitanzania, Dk. Godfrey Temba wa KCMC Moshi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya njema, wa mjini na wa vijijini, wakawabadilishia sahani.

Baadhi ya waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi, maharage, mboga za majani, viazi na nafaka kama ulezi, walilishwa kizungu kwa wiki mbili, vyakula vya viwandani na vya kukaangwa. Baadhi ya waliozoea kizungu wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu lilipewa kinywaji cha asili cha ndizi zilizochachushwa kwa wiki moja. Wachache wakaachwa waendelee kama kawaida, kwa ajili ya kulinganisha.

Wiki mbili tu, msomaji! Waliohamia kizungu, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule ambao huuoni kwa macho lakini unachochea magonjwa ya muda mrefu, na askari wa mwili wao wakawa wazito kupambana na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, dalili zile zilipungua. Na hata wiki nne baada ya jaribio, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Utafiti huu haukupima saratani, tusiongeze chumvi. Lakini ulionyesha kwamba sahani ikibadilika, mwili unajua haraka kuliko mdomo.

NA INI JE?

Hapa ndipo penye mtego, na ndiyo sababu sikutaka kukuambia "kula dona" nikaondoka zangu.

Pale pale Mulago, wakati Burkitt akihangaika na utumbo, wenzake walihangaika na ini. Dk. Trowell, yule aliyemwita kwenye kitanda cha mtoto mwenye taya, alitumia miaka mingi juu ya utapiamlo wa watoto unaoitwa kwashiorkor, ambao hulijaza ini mafuta. Mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima juu yake. Naye Profesa Michael Hutt wa Makerere, pamoja na wenzake, walitaka kujua kwa nini saratani ya ini ilikuwa nyingi sehemu fulani za Uganda. Wakakusanya sampuli zaidi ya 400 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani na sokoni. Mwaka 1971 walitangaza kwamba karibu asilimia 30 zilikuwa na sumu ya ukungu, ile tunayoiita sumukuvu. Na sehemu zenye sumukuvu nyingi ndizo zilizokuwa na saratani ya ini nyingi.

Sumukuvu hailetwi na dawa wala na mchawi. Inatoka kwenye ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ikiwa nyingi inaua haraka. Mwaka 2004 Kenya walipata wagonjwa 317 na wakafa 125. Hapa kwetu, mwaka 2016, Dodoma na Manyara walipata wagonjwa 68 na 20 wakapoteza maisha. Walivimba tumbo, macho yakawa manjano, ini limekwisha. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaliandaa ini kupata saratani, hasa kwa mtu ambaye tayari ana kirusi cha homa ya ini aina ya B. Na kuipika haisaidii, kwani moto wa jikoni hauimalizi.

Sasa mtego wenyewe ni huu. Sumu hiyo inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile ambazo mashine ya kukoboa inaziondoa. Maana yake, dona ya mahindi mazuri ni rafiki wa utumbo, lakini dona ya mahindi yaliyooza ni adui wa ini. Kwa hiyo mwenye kula dona lazima awe mkali kuliko mwenye kula sembe. Usinunue unga wa dona usioujua ulikotoka kwa sababu tu ni wa bei poa. Nunua mahindi mwenyewe, yashike, yanuse, yamwage kwenye ungo. Punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizosinyaa, toa zote, na usizirushe kwa kuku, maana sumu inamdhuru na yeye. Yakiwa na unyevu, yaanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Karanga zenye ukungu au ladha ya uchungu, tema. Bibi zetu walipepeta na kuchambua kila siku, sisi tunaona ni kupoteza muda.

MAMBO MATANO YA KUONDOKA NAYO

Moja, ongeza taratibu. Kama tumbo lako limezoea mkate mweupe, ukilishindilia dona na maharage siku moja litajaa gesi, na wenzako ndani ya daladala watakulaani. Anza kidogo, kunywa na maji ya kutosha.

Mbili, si lazima dona peke yake. Maharage, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu, matembele, viazi vitamu, mapera na machungwa na nyama zake, vyote vina nyuzinyuzi. Hivi viko kwenye genge la jirani yako, wala havihitaji kupanda gari kwenda mjini kati.

Tatu, damu kwenye choo usiifiche. Vijana kwa wazee wanaona aibu, wanajipa jina la bawasiri wenyewe, wanapaka dawa za stendi mwaka mzima. Inaweza ikawa bawasiri kweli. Inaweza pia ikawa saratani, na saratani ya utumbo ikikutwa mapema inatibika, ikichelewa inaua. Hospitali za Temeke na Mwananyamala ziko karibu. Daktari ameshaona makalio mengi kuliko unavyodhani, ya kwako hayatamshangaza.

Nne, kapime homa ya ini B. Watoto wetu wanachanjwa kwa utaratibu wa kawaida wa kliniki tangu mwaka 2002, lakini wewe uliyezaliwa kabla ya hapo pengine hukuchanjwa. Kirusi hicho kinakaa mwilini miaka na miaka bila kelele. Na pombe za kila siku zinamaliza lile ini lililobaki, iwe ya chupa au ya kienyeji.

Tano, usimdharau anayeuliza maswali ya aibu. Burkitt aliuliza watu wa Uganda habari za choo wakati madaktari wengi waliona ni jambo la kuchekesha. Hakuwa na mashine za gharama. Alikuwa na ramani, mizani, barua za posta na jicho moja.

Jambo linaloniuma ni hili. Mwaka 1979 Burkitt alitoa kitabu akiwaomba Wazungu wasisahau nyuzinyuzi, nao leo madukani kwao mkate wa ngano isiyokobolewa ni chakula cha watu wenye fedha. Wanalipa zaidi ili wapate pumba. Sisi tulikuwa nazo bure, tukalipa mashine izitoe.

Kwa leo naishia hapa. Kesho ukisimama kwenye mashine na kijana akakuuliza "Tukoboe?", jibu unalijua. Lakini kwanza chambua mahindi yako.